Skripti Ikifuta Usiku, Nani Amefuta?

Mwanafunzi wa kompyuta hapa Kampala, awe Makerere au tawi la Kibuli la Chuo Kikuu cha Kiislamu, hufika siku mwalimu anapomwambia aweke kipanya kando. Mbele yake pana kioo cheusi na alama inayopepesa ikisubiri amri. Siku za mwanzo ni za ls, cd na cp, mambo ya kuzoeza vidole. Kazi yenyewe huja baadaye: kuunganisha amri kwa bomba, ili kinachotoka katika amri moja kiingie katika nyingine, kutumia grep na awk kuchambua faili yenye mistari laki moja, kuziandika amri hizo pamoja katika skripti ya Bash, na mwisho kuikabidhi skripti kwa cron, mtumishi asiyelala, aiendeshe kila usiku saa nane wakati mwenyewe yuko kitandani Kikoni.

Hapo pana badiliko ambalo karatasi ya mtihani haituulizi. Mpaka wiki ile ulikuwa mtu anayefanya. Sasa umekuwa mtu anayeagiza, na agizo lako linatekelezwa wewe ukiwa hupo. Mwenye boda boda naye huagiza, lakini boda haiendi bila dereva, na dereva ana macho. Akiona shimo atalikwepa hata kama tajiri wake hakumtajia shimo. Skripti haina macho. Inakwenda mahali ilipoelekezwa na mwandishi wake, hata kama mahali hapo pamehama tangu jana. Basi ikiharibu mali ya mtu usiku, ni nani aliyeharibu?

Tuseme jumuiya ya wanafunzi Waislamu ina seva yake ndogo katika ofisi iliyo pembeni ya msikiti. Ndani yake mna orodha ya wanafunzi wanaosaidiwa karo, hesabu za michango ya futari, na majina ya waliojitolea kulisha mayatima. Ndugu mmoja wa mwaka wa pili, hodari darasani, anajitolea kuandika skripti ya kufuta nakala za zamani ili diski isijae. Anaiendesha kwa mamlaka ya root, mtumiaji mkuu ambaye Linux haimkatalii kitu, kwa sababu hivyo ni rahisi na hakuna ujumbe wa kukataliwa. Wiki tatu mambo ni shwari. Wiki ya nne mtu anabadilisha jina la folda. Saa nane usiku skripti inaitafuta folda ile, haioni, na badala ya kusimama inaendelea na jina tupu mkononi. Inafuta kila inachokikuta. Alfajiri orodha haipo, na dada mmoja aliyekuwa asajiliwe kwa msaada ule wiki hiyo hana jina popote.

Ndugu yetu akiulizwa atasema maneno mawili, na yote mawili yana sura ya ukweli. La kwanza: si mimi niliyefuta, ni skripti. La pili: mimi nilikuwa nimelala. Hili la pili lina uzito kwetu, maana sote tumefundishwa tangu madrasa hadithi ya watu watatu ambao kalamu imenyanyuliwa juu yao, na mmoja wao ni aliyelala mpaka aamke.

Nianze na hilo. Wanazuoni wa fiqhi hawakuichukulia hadithi hiyo kuwa inafuta kila kitu. Walitenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya kila siku: dhambi na dhamana. Dhambi ni jambo la mja na Mola wake, na aliyelala, aliyesahau au aliyekosea bila kukusudia amesamehewa. Dhamana ni haki ya yule aliyepata hasara, na haki hiyo haiondoki kwa sababu aliyeharibu alikuwa na moyo safi. Mtu akigeuka usingizini akavunja chombo cha mwenzake, hana dhambi, lakini chombo atakilipa. Akimlalia mtu akafa, hakuna anayemwita muuaji wa kukusudia, na bado diya inadaiwa. Usingizi unanyanyua kalamu ya malaika; daftari la madeni unaliacha lilivyo.

Nadhani hapa ndipo mijadala yetu mingi ya mabweni inapopotea. Mmoja anasema "sikukusudia" akidhani amemaliza kesi. Mwenzake anasikia "sikukusudia" na kudhani jamaa anaongopa. Huenda anasema kweli kabisa, na bado anadaiwa.

Sasa lile la kwanza, kwamba aliyefuta ni skripti. Fiqhi ina istilahi zake hapa: mubashiri, yaani aliyetenda kwa mkono wake, na mutasabibu, yaani aliyesababisha. Kanuni hizi zimejadiliwa karne nyingi, na wakusanyaji wa Majalla, ile sheria ya madai ya dola ya Uthmaniya iliyotungwa kati ya 1869 na 1876, waliziweka katika vifungu vifupi: mtendaji wa moja kwa moja hulipa hata kama hakukusudia, na msababishaji hulipa pale alipovuka mpaka. Wakikutana wawili hao, hukumu humwelekea mtendaji. Ndugu yetu angependa sana skripti ihesabiwe mtendaji ili yeye abaki msababishaji asiye na hatia.

Haiwezekani. Mtendaji anayeweza kubeba hukumu ni yule mwenye hiari, anayeweza kusema hapana. Ukimtuma mtu mzima mwenye akili akaibe, yeye ni mwizi, kwa kuwa angeweza kukataa. Ukitupa mshale, mshale hauna kesi. Kati ya mkono wa mwandishi na faili iliyofutwa hamna hata mtu mmoja aliyechagua. Cron haikuchagua. Bash haikuchagua. Aliyechagua ni mmoja, na alichagua mchana, akiwa macho, na pengine akinywa chai.

Mfano unaokaribia zaidi hali yetu umo katika Suratul Anbiyaa, aya ya 78 na 79, na kila nikiisoma naona kama iliteremka kwa ajili ya watu wa seva. Ni kisa cha Daudi na Suleiman (A.S.) walipohukumu kesi ya shamba lililoingiliwa na kondoo wa watu usiku. Tazameni wakati wenyewe: usiku. Mwenye kondoo hakuwapo shambani. Hakuna aliyedai kwamba aliwaswaga. Alikuwa amelala kama ndugu yetu, na wanyama wake walikuwa wakila mali ya mwenzake. Hata hivyo kesi ikafika mbele ya Mitume wawili, na hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa mchungaji alikuwa amelala basi hakuna kesi.

Mtume wetu (S.A.W.) naye alihukumu jambo la aina hiyo, ngamia wa al-Baraa bin Azib (R.A.) alipoingia katika bustani ya watu na kuiharibu. Maana ya hukumu yake ni kwamba wenye bustani wana wajibu wa kuzilinda mchana, na wenye mifugo wana dhamana ya kinachoharibiwa na mifugo yao usiku. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo wengi wetu Afrika Mashariki tumelelewa nayo, na Imamu Malik waliishika hukumu hiyo. Sababu yake haifichiki: usiku watu hulala, mashamba hayana macho, na mwenye mnyama ndiye anayeweza kumfunga. Saa nane usiku kwenye seva ni hivyo hivyo. Tunaichagua saa hiyo makusudi kwa sababu hakuna mtu kazini. Anayechagua saa isiyo na mashahidi amechagua pia saa isiyo na mtu wa kumzuia, na uzito wa kufunga kamba unamrudia yeye.

Najua atatokea msomaji wa fiqhi ya Kihanafi aseme kwamba kwao jeraha la mnyama halina fidia, na kwamba wao hawamtozi mwenye mnyama aliyeponyoka mwenyewe. Ni kweli, na wana hadithi yao sahihi. Lakini neno lenye uzito hapo ni kuponyoka. Ng'ombe ana tumbo lake na njaa yake. Anaweza kukata kamba. Skripti haiponyoki. Ilitumwa, ikaandikiwa saa, ikapewa funguo za nyumba nzima. Mimi si mufti, na anayetaka fatwa ana masheikh wa kuwauliza, lakini sioni kwamba hata hoja hiyo ingemwokoa ndugu yetu.

Kuna mfano wa tatu nao una kitu cha kutufundisha: mchimba kisima. Anayechimba kisima katika ardhi yake mwenyewe, mtu akaingia bila ruhusa na kutumbukia, hadaiwi. Anayechimba katikati ya njia ya watu bila haki, anadaiwa. Na mafakihi wakaenda mbali zaidi wakasema anadaiwa hata kama mtu ametumbukia baada ya mchimbaji kufa, ikalipwa kutoka katika mirathi yake. Fanya utakalo kwenye kompyuta yako mwenyewe. Andika skripti mbovu, ifute, cheka, sakinisha Linux upya. Hivyo ndivyo tunavyojifunza, na ningeshangaa kumwona mtaalamu ambaye hajawahi kuharibu mashine yake. Seva ya jumuiya, ya idara, ya SACCO iliyokupa kazi ya muda, hiyo ni njia ya watu. Na skripti uliyoiacha pale utakapohitimu itaendelea kuamka saa nane usiku miaka mingi baada ya wewe kuvaa joho.

Haya si mambo ya kufikirika tu. Desemba 2021, katika kompyuta kubwa ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Kyoto huko Japani, skripti ya kuweka nakala za akiba ilifuta takriban terabaiti 77 za data, faili kama milioni 34, mali ya vikundi 14 vya watafiti. Vinne kati yao kazi zao hazikuweza kurudishwa kutoka kwenye nakala. Skripti ile ilikuwa na sehemu ya kufuta kumbukumbu za zamani za mfumo zilizopita siku kumi. Wahandisi wa kampuni iliyouza mfumo, Hewlett Packard Enterprise, waliiboresha, kisha wakaiweka mpya juu ya ile ya zamani wakati ya zamani bado inakimbia. Bash haisomi skripti yote kwa mara moja; huisoma kidogo kidogo inavyokwenda. Ikaendelea kutoka katikati ya maandishi mapya, ikakutana na majina ya vigeu ambavyo havijapewa thamani, na amri iliyokusudiwa kufuta kumbukumbu ikageukia hazina ya watafiti. Kosa la mhandisi mwenye nia njema, aliyekuwa akiboresha. Kampuni haikusema ni skripti. Iliandika barua ikakiri kwamba jukumu ni lake kwa asilimia 100, na ikazungumzia fidia. Sijui kama walioandika barua ile waliwahi kusikia neno dhamana kama tunavyolisikia sisi, lakini walilifanyia kazi.

Mpaka hapa nimesema habari ya deni. Je, dhambi haimo kabisa? Nionavyo, inaweza kuwamo, ila tunaitafuta saa isiyo yake. Tunaitafuta saa nane usiku, wakati mtu amelala na kalamu imenyanyuliwa. Kama ipo, ilitendeka mchana, wakati wa kuandika, na jina lake ni uzembe: kuweza kuchunguza na kutochunguza, hasa ukiwa umekwisha kuona hatari.

Januari 2015 watumiaji wa Linux waligundua kwamba Steam, programu ya michezo ya kampuni ya Valve, inaweza kufuta faili zote za mtumiaji. Chanzo kilikuwa mstari mmoja wa skripti: rm -rf, kisha kigeu chenye jina la folda ya Steam, kisha mkwaju na nyota. Mtu akiwa ameihamisha folda ile, kigeu kilitoka kitupu, na mstari ukasomeka kana kwamba umeamuru kufuta kila kitu kuanzia mzizi wa diski. Kinachonigusa si kosa lenyewe. Ni kwamba juu ya mstari huo mwandishi alikuwa ameacha maandishi ya pembeni, neno moja tu, kusema kwamba unatisha. Alikuwa ameona. Akaandika kwamba ameona. Akaendelea.

Tangu nijue kisa hicho nimebadili namna ninavyosikiliza yale masharti ya darasani ambayo wengi wetu tunayaona ni vikwazo vya kupunguziana maksi. Weka kigeu ndani ya alama za nukuu. Anza skripti kwa set -u, ili isimame ikikutana na kigeu kisichopewa thamani. Pale penye rm ongeza alama za :? ndani ya mabano ya kigeu, ili isimame hata kama kigeu kipo lakini ni kitupu. Ile set -u peke yake isingezuia mkasa wa Steam. Tanguliza echo mbele ya amri ya kufuta, usome kwanza ingefuta nini. Usitumie root kwa kazi ambayo mtumiaji wa kawaida anaiweza. Fikiria umeme ukikatika katikati, jambo ambalo Kampala si la kufikirika: skripti ikianza tena itaendelea salama au itafanya nusu mara mbili? Haya yote ni kamba za kufungia kondoo. Anayeziacha kwa sababu hakufundishwa ana udhuru wake. Anayeziacha kwa sababu anazijua lakini ana haraka hana ninachoweza kumwombea udhuru kwacho.

Na siku hizi haraka ina msaidizi. Unamwuliza akili mnemba, anakupa mistari ishirini iliyonyooka vizuri, unainakili, unatanguliza sudo, unabonyeza. Mtume (S.A.W.) alihukumu kwamba mwenye kujitia utabibu bila kujulikana kuwa tabibu anabeba dhamana ya madhara anayoyaleta. Tabibu wa kweli akifuata taaluma yake na mgonjwa akafa, hatozwi. Tofauti yao ni elimu, kwa kuwa wote wawili wana nia ya kuponya. Kunakili amri usiyoweza kuieleza mstari kwa mstari, kisha kuiendesha kwa mamlaka ya root juu ya mali ya watu, ni kuvaa koti jeupe na kuingia wodini Mulago.

Wala usitegemee kuwarudishia mzigo waliotengeneza zana. Bash, iliyoandikwa na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989 kwa ajili ya mradi wa GNU, tumepewa bure, pamoja na uhuru wa kuisoma na kuibadili. Mimi naiona ni kitu kinachofanana sana na wakfu. Lakini leseni yake inasema wazi kwamba hakuna dhamana ya aina yoyote. Wametoa kisu, wametangaza kuwa hawajui utakata nini nacho. Anayekishika ndiye anayejibu.

Niseme pia haki ya ndugu yetu, maana nimemkalia sana. Ile hukumu ya bustani ina pande mbili: wenye bustani walinde mchana. Viongozi wa jumuiya waliomkabidhi kijana wa mwaka wa pili funguo za kila kitu, bila mtu wa pili kuisoma skripti, bila nakala hata moja nje ya ofisi ile, nao walilala mchana. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 sote tulipata habari za Jengo Kuu la Makerere kuwaka moto. Baada ya moshi ule, kiongozi yeyote katika mji huu anayeweka kumbukumbu za watu mahali pamoja tu hana haki ya kushangaa. Kumtupia kijana lawama yote ili wao wabaki safi ni dhuluma, na mara nyingi ndivyo inavyokwenda: anaondolewa katika kamati, anaitwa mharibifu, na jumuiya inapoteza data pamoja na mtu pekee aliyejua seva.

Suleiman (A.S.) aliona njia nyingine. Kwa walivyoeleza wafasiri, Daudi (A.S.) alihukumu kondoo wapewe mwenye shamba, fidia kwa fidia. Suleiman akahukumu kondoo wakae kwa mwenye shamba anufaike na maziwa na sufi, na mwenye kondoo aingie shambani alime mpaka mimea irudi kama ilivyokuwa, kisha kila mmoja achukue chake. Qur'ani inatuambia Mwenyezi Mungu alimfahamisha Suleiman hukumu hiyo, na papo hapo inasema wote wawili walipewa hekima na elimu. Chini ya hukumu ya Suleiman aliyeharibu halipi na kuondoka. Anashika jembe.

Kwa hiyo ndugu wa mwaka wa pili asifukuzwe, wala asiambiwe yaishe. Apewe meza katika ofisi ile ile, na mmoja wa viongozi akae naye. Ujumbe wa mobile money wa waliochangia futari huenda bado uko kwenye simu za wachangiaji. Fomu za maombi ya karo, kama zilijazwa kwa karatasi, ziko kabatini. Waliosaidiwa muhula uliopita wanajuana. Aandike upya jina baada ya jina, na aanze na yule dada ambaye usajili wake unafungwa wiki hii.